Mlango Mpana wa Kanisani

Kijiwe kilikuwa mbele ya duka la kunyolea, upande ambao jua halifiki mpaka mchana umeegemea. Benchi lilikuwa la mbao nene, mguu mmoja umewekewa kipande cha tofali lisiyumbe, na lilitosha watu watatu waliopatana au wawili waliogombana. Mtu wa nne alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Kiti hicho Kinyozi hakukinunua. Mama yake alipewa na zahanati baada ya kukatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, lakini kilikuwa cha chuma, cha zamani, hakikunjiki, na kilipofikishwa kwenye mlango wa chumba chake nyuma ya duka kiligoma kupita. Walijaribu kukiingiza kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu. Kikabaki nje kikinyeshewa. Halafu siku moja walikuja wageni kijiweni, kikaazimwa, siku hiyo tu, na tangu hapo hakikurudi. Profesa ndiye aliyekizoea zaidi. Alijua breki ipi inashika na ipi inadanganya, na akifika akakuta mtu amekikalia, husimama mbele yake akikohoa mpaka apishwe.

Siku hiyo Kinyozi hakuwa na mteja wala hakuwa na raha. Taulo lilikuwa begani, kitana mfukoni, na kikombe cha kahawa kimepoa mkononi bila kuguswa.

— Mzee wa kanisa anakuja leo jioni, alisema. Anataka jibu.

— Jibu la binti? aliuliza Mama Buli, mwuza kahawa, aliyekaa kwenye kigoda chake karibu na jiko la mkaa.

— La binti.

Jambo lenyewe mtaa mzima ulilijua. Vijana wa kanisa walikuwa wanakwenda ng'ambo, mwezi mzima, kujitolea kuwajengea watu nyumba. Binti yake Kinyozi alikuwa mmoja wao. Lakini umri wake ulikuwa bado mdogo, na bila neno la baba hapandi ndege.

— Wewe unaogopa nini hasa? aliuliza Breki. Huyu alikuwa dereva wa lori mpaka macho yalipomgeuka, sasa kazi yake ilikuwa kueleza barabara alizopita.

— Ndege, alisema Kinyozi.

Alidanganya. Ndege hakuifikiria hata kidogo. Alichokifikiria ni mgongo. Binti yake aliacha shule mwaka ule mguu wa bibi ulipokatwa, na tangu hapo kila asubuhi humbeba bibi yake mgongoni kama mtoto, humtoa nje, humlaza kwenye mkeka apate jua, halafu humrudisha. Mgongo wa Kinyozi ulishaharibika kwa miaka mingi ya kuinamia vichwa vya watu. Asingeweza kumbeba mama yake hata hatua chache. Binti akienda, mama atakaa gizani mwezi mzima. Lakini hayo ni mambo ya ndani, na ya ndani hayaanikwi kijiweni. Kwa hiyo alisema ndege.

— Ndege haina neno, alisema Breki. Nimewahi kubeba injini ya ndege kwenye lori. Kitu kizima kabisa. Mimi kinachonitatiza ni hao wanaojengewa. Ng'ambo hakuna mafundi?

— Walikuwapo, alisema Profesa, akifungua breki moja ya kiti na kuifunga tena, kama afanyavyo akitaka kusikilizwa. Profesa hakuwahi kufundisha popote. Alikuwa karani, akastaafu na magazeti yake. Akarudia: Walikuwapo, shemeji, lakini wote wamesoma. Sasa wamekaa mbele ya kompyuta wanachora nyumba. Nchi nzima inachora. Wa kuinua tofali hayupo.

— Kwa hiyo michoro wanayo, nyumba hawana.

— Michoro mizuri sana.

— Hapana, alisema Mama Buli. Mafundi wao nao wamekwenda kujitolea. Nimeambiwa na mtu wa huko huko kanisani. Wao wanakwenda kujengea wengine, wale wengine nao wanakwenda kujengea wengine, ndivyo mambo ya kanisa yalivyo.

— Na sisi nani anatujengea?

— Foleni haijatufikia.

Breki alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Kinyozi hakucheka. Alikuwa anatazama barabara, upande anaokujia mzee wa kanisa.

— Haya, hilo tuliache, alisema Mama Buli. Ninyi mmeuona ule mlango?

— Mlango upi?

— Wa nyumba ya mazoezi. Mimi napeleka kahawa pale, nimeuona kwa macho yangu.

Nyumba ya mazoezi ilikuwa uani mwa kanisa. Vijana walikuwa wanajifunza kujenga kabla ya safari. Walipanga matofali kwa udongo mtupu bila saruji, wakapandisha kuta mpaka kifuani, fundi akakagua na timazi yake, halafu wakazibomoa zote, wakakwangua udongo, wakapanga matofali pembeni kwa ajili ya zoezi jingine. Watu wazima walikuwa wakipita wanasimama kwenye uzio wakisikitika. Hakuna kitu kinachouma macho kama kuona nyumba ikibomolewa na walioijenga, tena wanaimba.

— Mlango una nini? aliuliza Kinyozi.

— Mpana. Sijui nikueleze vipi. Mimi na buli langu na kapu la vikombe huwa napita milango ya watu ubavu ubavu. Pale nilipita katikati, na huku na huku pakabaki nafasi. Nilijiona mdogo.

— Labda wamekosea vipimo, alisema Breki.

— Wabomoe wajenge, wabomoe wajenge, na kila mara wakosee palepale? Binti yake huyu ndiye anayepima mlango. Ana kamba yake ina fundo. Akiiweka pale, hata fundi hasemi kitu.

Kinyozi aligeuka. Kamba yenye fundo aliijua. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa chumba cha mama yake, na yeye alidhani ni ya kuanikia nguo. Kamba ni kamba, alijiambia.

— Mimi mlango huo naujua sababu yake, alisema Breki. Ni gari. Huko baridi kali, gari likilala nje asubuhi haliwaki. Linalala ndani na watu.

— Chumba gani?

— Chumbani. Sebuleni. Gari dogo lakini. Sisemi lori.

— Na moshi?

— Wanalizima, Mama Buli. Gari likilala linazimwa, kwani wewe ukilala unapika?

Profesa alitikisa kichwa polepole, kwa huruma.

— Breki, wewe ulikaribia, lakini baridi hukuielewa. Baridi ya huko mtu anavaa koti. Juu ya koti, koti. Juu yake tena, koti. Mtu mmoja wa kawaida, mwembamba kama mimi, akishavaa anakuwa kama kabati. Sasa kabati litapita kwenye mlango gani? Ndiyo maana milango yao mipana. Na wakifika ndani wakivua, utamkuta mtu ni kijiti.

— Basi wangevulia nje.

— Wafe?

— Mimi ninavyoona ni sheria, alisema Mama Buli. Huko mume hatangulii mkewe, wala mke hatangulii mumewe. Wakifika mlangoni lazima waingie pamoja. Ukitangulia unashitakiwa.

— Hilo nalo ni neno, alikubali Breki. Mimi ningekuwa gerezani zamani.

— Wahenga walisema, alianza Profesa, akiinua kidole.

— Wahenga waache wapumzike, alisema Mama Buli. Kunywa kahawa.

Profesa alishusha kidole, lakini kushindwa hakukubali. Alisogeza kiti mbele kidogo kwa mikono, magurudumu yakalia.

— Sikilizeni basi niwaambie ukweli wenyewe, ambao sikutaka kuusema mbele ya mzazi. Ile wanayoijenga si nyumba. Ni ganda. Nyumba ya kweli ni ndogo, inakuja baadaye imekamilika, na vitanda vyake na taa zake, inaingizwa ndani ya ile kubwa kupitia mlangoni. Kama kikombe ndani ya kikombe. Baridi ikija, inakuta nyumba ya kwanza, inachoka. Watu wamo kwenye ya pili wanakunywa chai.

Hata Breki, ambaye kwa kawaida hubisha kabla mtu hajamaliza, aliangalia vikombe viwili vitupu mkononi mwake, akakiingiza kimoja ndani ya kingine, akavitazama.

— Inaingia, alisema.

— Nimewaambia.

— Lakini mlango wa ile ndogo nao uwe mpana?

— Hapo, alisema Profesa, ndipo wataalamu wanapobishana.

Kinyozi alihisi kichwa kimejaa pamba. Alikuwa amekuja kijiweni kutafuta jibu moja, ndiyo au hapana, sasa alikuwa na magari yanayolala sebuleni, watu wenye umbo la kabati, na nyumba yenye mimba ya nyumba. Na jua lilikuwa limeshafika kwenye mguu wa benchi.

— Halafu Kinyozi, alisema Profesa, nilitaka kukwambia siku nyingi. Mwambie binti yako asikichukue tena kiti hiki kukipeleka kanisani. Wiki ile alikirudisha magurudumu yana udongo, suruali yangu ikaharibika.

— Alikipeleka kanisani kufanya nini?

— Nitajua wapi? Alisema, "Baba mkubwa, naomba kidogo." Nikampisha. Nilisimama hapa mchana kutwa kama mlingoti.

— Labda kubebea matofali, alisema Breki.

— Toroli wanayo, alisema Mama Buli.

— Basi labda kuna tofali lililougua.

Walikuwa bado wanacheka alipokuja mwanamke mmoja mwenye mwavuli. Hakuwa wa mtaa ule. Alikuwa ameleta gauni kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, akaambiwa asubiri limaliziwe upindo. Akasalimia, wakaitikia, Mama Buli akamsogezea kikombe.

— Karibu, dada. Imebaki ya chini, lakini bado ina moto.

— Asante. Alimtazama Profesa kwa adabu, akatazama kile kiti, akatazama miguu ya Profesa iliyokunjwa nne. Akasema: Pole, mzee. Umeumia lini?

— Mimi? Mzima kabisa.

— Oh. Nani basi mgonjwa hapa?

— Hapa hatuna mgonjwa, alisema Breki. Tuna Profesa tu.

— Kiti hiki kumbe cha nani?

— Cha mama yangu, alisema Kinyozi.

Mwanamke akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akanywa kidogo. Halafu akauliza, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani:

— Na yeye sasa hivi amekaa wapi?

Kinyozi alifungua mdomo. Alitaka kusema "yupo ndani," lakini hilo silo aliloulizwa. Alitaka kusema "amelala," na kweli alikuwa amelala, maana binti alikwenda kanisani tangu asubuhi na alimrudisha bibi kitandani kabla ya kuondoka. Aliulizwa amekaa wapi. Akatafuta kichwani mara ya mwisho alipomwona mama yake amekaa, amekaa hasa, mgongo umenyooka, uso uko sawa na uso wa watu wengine. Hakuipata. Alimwona kitandani. Alimwona mkekani. Alimwona mgongoni kwa mjukuu wake, shavu limelala begani.

Alimtazama Mama Buli. Mama Buli aliinamisha buli, yakatoka matone mawili na machicha. Alimtazama Breki, Breki akatenganisha vile vikombe viwili na kuviweka chini. Profesa, bila kuambiwa na mtu, alisimama.

Kinyozi alifungua breki ile inayoshika, akafungua na ile inayodanganya, akaanza kukisukuma.

— Sasa unakwenda nacho wapi? aliuliza Breki.

— Ndani.

— Hakiingii, bwana. Si ulijaribu?

Alipita kwenye kichochoro cha ubavuni mwa duka, magurudumu yakilia, akatokea uani. Mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa wazi. Akakisukuma, na vyuma vikagonga fremu palepale vilipogonga siku ya kwanza. Alama za siku ile zilikuwa bado kwenye mbao.

— Nani? aliuliza mama yake kutoka gizani.

— Mimi, mama.

— Mbona mapema? Wameishiwa kahawa?

Kinyozi alinyoosha mkono, akaitoa msumarini ile kamba, ambayo siku hiyo binti hakwenda nayo. Aliivuta kutoka gurudumu hadi gurudumu. Fundo lilipita kidogo tu, kiasi cha kubakisha nafasi ya vidole vya mkono mmoja kila upande, vidole vya mtu anayesukuma. Akaiweka kwenye mlango wa mama yake. Fundo likaangukia ukutani, mbali na fremu.

Alisimama hapo na kamba yake mpaka binti alipoingia uani, mikono ina udongo mpaka viwiko, kitambaa kimemlegea kichwani. Alikiona kiti, akamwona baba yake, akasimama.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Ule mlango wa kanisani mpana kwa nini?

Binti alimtazama kama anayehisi ni mtego.

— Watakaokaa humo ni watu wasiotembea, baba. Wazee, na waliopata ajali. Nyumba zao za zamani wanashindwa kutoka. Nilikwambia.

— Uliniambia lini?

— Siku ile nilipoleta habari. Ulikuwa unanyoa. Ukasema sawa.

Alikuwa hakumbuki. Akinyoa huwa anasema sawa kwa kila kitu. Aliinua ile kamba.

— Na hii?

— Kule walitupa namba tu kwenye mchoro. Wenzangu walikuwa hawaelewi kwa nini iwe kubwa hivyo, wanabishana, wengine wanasema ni makosa. Ndiyo nikaenda na kiti cha bibi, nikakipitisha. Wakaelewa.

— Na huu wa bibi yako umeuona haupitishi.

— Nimeuona tangu zamani.

— Sasa mbona hukusema?

Binti aliangalia chini, akakwangua udongo kwenye kidole.

— Huu ni ukuta wako, baba. Nilikuwa nasubiri ruhusa. Nikaona nikuombe kwanza ya safari. Nikiomba mbili kwa mpigo utakataa zote.

Kutoka ndani mama alikohoa, kikohozi cha mtu anayesikiliza.

— Mimi msinisingizie, alisema. Siendi popote. Ila kama mtoto anaujua ukuta, aachwe aushike. Nikikaa pale mbele nitawasikia vizuri. Humu napata nusu nusu. Ile ya nyumba ndani ya nyumba sikuipata mwisho wake.

Kinyozi alifikiria. Pale mbele, mlangoni mwa duka. Yeye anainamia kichwa cha mteja, na akiinua macho anamwona. Akitaka maji, atamsikia. Akitaka kurudi ndani, ni kusukuma, na kusukuma mgongo wake unaweza. Aliwaza hayo polepole, moja baada ya jingine, kwa sababu kichwa kilikuwa bado kina magari ya Breki na makoti ya Profesa, na ilibidi ayapishe.

Akaingia dukani, akatoka na nyundo ambayo hutumia kupigilia kioo. Akaiinua.

— Si hapo, baba, alisema binti. Ukigonga hapo utapasua ukuta wote. Tunaanza na fremu. Na kabla ya fremu tunaweka nguzo ya kushikilia juu. Ile mbao ya juu nimeipima, imepita mpaka kwenye kona, itatosha. Shika hapa.

Akashika. Alishika alipoambiwa, akahamisha mkono alipoambiwa. Binti akasimamisha nguzo, akaikaza kwa kabari, akachukua nyundo kutoka mkononi mwa baba yake, akagonga msumari wa kwanza wa fremu. Vumbi la miaka likawashukia wote wawili.

Kutoka upande wa barabarani, kupitia kichochoro, ilikuja sauti ya mzee wa kanisa.

— Hamjambo kijiweni. Kinyozi yuko wapi? Nimekuja kuchukua jibu la safari.

— Yuko uani, alisema Breki. Anabomoa nyumba.

— Anabomoa?

— Na kiti changu amekwenda nacho, alisema Profesa. Nimesimama, kama unavyoniona.

Binti aligonga tena. Fremu ikalia, ikaachia upande mmoja.

— Sasa hiyo, aliuliza mzee wa kanisa, ni ndiyo au ni hapana?

Kinyozi alingoja asikie watajibu nini. Hawakujibu. Mama Buli alisikika akikusanya vikombe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kijiwe kile kuulizwa swali na kukosa hata jibu la uongo.

— Mjibu basi, mwanangu, alisema mama yake kutoka ndani. Upesi, kabla Profesa hajapata wazo.